Njia Inayosomeka: Historia ya Barabara za Kamina

Barabara husomwa. Mwenda kwa miguu husoma nyayo, nyasi zilizolala na alama ya panga kwenye gome la mti. Dereva husoma ukingo, kibao, na rangi ya tope inayomjulisha kama gurudumu litazama au litapita. Katika magari ya miaka hii, sehemu ya usomaji huo imekabidhiwa mashine: kamera iliyowekwa nyuma ya kioo cha mbele, rada iliyofichwa kwenye bampa, na kompyuta inayoweza kuonya, kukaza breki au kurudisha usukani pale gari linapoanza kuuacha mstari wake. Mashine hiyo, hata iwe ya gharama kubwa kiasi gani, haiwezi kusoma kisichoandikwa. Hutegemea barabara yenye mistari, kingo, vibao na uso uliotunzwa.

Kamina, makao makuu ya Mkoa wa Haut-Lomami katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mahali pazuri pa kuitazama historia ya maandishi hayo. Mji uko kwenye nyanda za juu, takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo reli na barabara huelekea kusini kwenye migodi ya Katanga, kaskazini-magharibi kwenye almasi za Kasai, na kaskazini-mashariki kwenye Ziwa Tanganyika. Sanga na vijiji vingine vinavyouzunguka vimeunganishwa nao na njia za udongo ambazo huonekana upya kila kiangazi na kupotea kila masika. Kila zama ziliziandika njia hizo kwa namna yake, na kila zama zilikuwa na watu waliotoa jasho ili maandishi yasifutike.

Njia katika kiganja

Nchi ya Kamina ni nchi ya Waluba. Kabla ya ramani za karatasi kufika huko, Waluba walikuwa na chombo chao cha kuhifadhi habari za safari na za utawala, nacho ni lukasa. Ni ubao mdogo unaoenea mkononi, mwembamba katikati na mpana kwenye ncha, uliopambwa kwa shanga, kauri au michongo. Watu wa chama cha Mbudye, waliokabidhiwa kumbukumbu za ufalme, waliushika kwa mkono wa kushoto na kuufuatisha kwa kidole cha mkono wa kulia. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo iliweza kumaanisha mfalme na baraza lake, na mstari wa shanga uliweza kuwa njia, msafara au uhamaji wa watu. Rangi, ukubwa na mpangilio vilimkumbusha msomaji milima, maziwa, mahali patakatifu, na safari za waasisi kama Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga.

Lukasa haukuwa ramani ya kumwonyesha mgeni njia. Aliyeukamata bila kufundishwa aliona shanga tu. Maana ilikaa kwa msomaji aliyepitia ngazi za mafunzo ya Mbudye, na ubao uleule uliweza kusomwa kwa namna tofauti kulingana na shughuli iliyokuwepo. Hata hivyo unathibitisha kwamba katika nchi hii wazo la njia iliyogeuzwa kuwa alama, ikasomwa na mtu asiyeiona kwa macho wakati huo, ni la kale. Unathibitisha pia kanuni ambayo wahandisi wa karne ya 21 wameikuta tena: alama bila msomaji aliyefundishwa haina faida, na msomaji bila alama hana cha kusoma.

Njia zenyewe zilikuwa nyembamba, za watu kufuatana mmoja nyuma ya mwingine. Zilipinda kukwepa mti ulioanguka na hazikunyooka tena hata mti ulipooza, kwa sababu nyayo zilikuwa zimekwisha kuandika mpindo. Ziliunganisha mashimo ya chumvi, viwanda vya chuma, mabwawa ya samaki ya bonde la Upemba na vijiji vya mashamba.

Katikati ya karne ya 19 njia hizo zilishikana na mtandao wa misafara iliyotoka pwani zote mbili za Afrika. Kutoka mashariki walikuja wafanyabiashara wa pwani na Wanyamwezi wakitafuta pembe na watumwa, na kutoka magharibi wakaja watu wa Bihé na Angola. Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alipofika kwa mfalme Kasongo Kalombo mwaka 1874 aliwakuta huko Jumah Merikani, mfanyabiashara kutoka mashariki, na José Antonio Alvez, kutoka magharibi. Miezi ya kungoja ikapita, kisha akaungana na msafara wa Alvez, na mwishoni mwa 1875 akafika pwani ya Atlantiki karibu na Benguela. Njia ya kuvuka bara zima ilikuwepo tayari, na alichofanya Cameron ni kupita juu ya nyayo za wapagazi. Shanga za kioo zilizokuja na misafara hiyo zilitumika kama fedha. Kiswahili nacho kilikuja kwa njia hizohizo, kikakaa.

Baadaye ufalme wa Waluba uligawanyika kati ya watawala wawili, Kabongo na Kasongo Niembo, na Kasongo Niembo alipambana na utawala wa Wabelgiji kwa miaka mingi hadi alipokamatwa mwaka 1917. Katika miaka hiyohiyo Vita vya Kwanza vya Dunia viliigeuza njia nyembamba kuwa mateso: takriban wapagazi 260,000 wa Kongo walibebeshwa mizigo ya jeshi katika mapigano ya Afrika ya Mashariki na kwingineko. Maelfu hawakurudi. Vifo hivyo viliidhihirisha haja ya kuutua mzigo begani mwa binadamu na kuupakia kwenye gurudumu.

Reli, njia isiyohitaji kusomwa

Gurudumu la kwanza kufika kwa wingi lilikuwa la reli. Njia ya chuma kutoka kusini iliufikia mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910, ikafika Bukama kwenye mto Lualaba mwaka 1918. Kutoka Bukama, kampuni ya reli ya BCK iliyoanzishwa mwaka 1906 iliisogeza kuelekea kaskazini-magharibi kupitia Kamina hadi Port-Francqui, Ilebo ya leo, kwenye mto Kasai. Kazi hiyo ya zaidi ya kilomita 1,100 ilikamilika mwaka 1928. Mwaka 1956 tawi la Kamina hadi Kabalo lilifunguliwa, na Kamina ikawa njia panda ya reli za kusini, magharibi na mashariki.

Kwa upande wa usomaji wa njia, treni ina tofauti kubwa na gari. Dereva wa treni hashiki usukani. Chuma chenyewe humzuia kuiacha njia, na kazi yake ni mwendo, breki na ishara. Reli za Kongo ya kusini zina upana wa milimita 1,067, na kipimo hicho ni sheria ambayo gurudumu haliwezi kuivunja bila kuanguka. Kinachoitwa leo msaada wa kumweka dereva ndani ya mstari, reli iliutoa kwa chuma na mbao miaka 100 iliyopita.

Sifa hiyo ilikuwa na gharama yake. Palipo na reli, barabara ilionekana kuwa kitu cha pili. Serikali ya kikoloni na makampuni walizichora barabara nyingi kama mikono midogo ya kuleta pamba, mahindi na mafuta ya mawese kwenye stesheni. Barabara ndefu ya kushindana na treni haikuhitajika, na wakati mwingine haikutakiwa. Kamina ikawa na kituo kikubwa cha reli, na kuanzia mwaka 1949 ikapata kambi kubwa ya kijeshi yenye uwanja wa ndege, huku barabara za kwenda vijijini zikibaki za udongo.

Barabara za jasho

Barabara hizo za udongo zilikuwa na utaratibu wake. Ziliinuliwa katikati kama mgongo wa samaki ili maji yakimbilie pembeni, zikachimbiwa mitaro, na mitaro ikapewa matokeo ya kuyatupa maji porini kabla hayajapata nguvu ya kuchimba. Kila sehemu ilikuwa na watu wake wa kukata nyasi, kufukia mashimo na kuzibua mitaro. Vijiji vingi vilihamishwa na kupangwa kando ya barabara, ili kodi ikusanywe kwa urahisi na mikono ya kutengeneza iwe karibu.

Mikono hiyo haikuwa huru. Amri ya tarehe 5 Desemba 1933 iliunganisha kanuni za kazi za lazima kwa wenyeji, ikaruhusu hadi siku 60 kwa mwaka, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia siku hizo zikaongezwa hadi 120. Chifu aliyeshindwa kutoa watu aliadhibiwa, na mtu aliyekimbia alifungwa. Wazee wa Katanga wanaposifu barabara za zamani zilivyokuwa safi, sifa hiyo ni kweli, na bei yake pia ni kweli: usafi ule ulilipwa kwa muda na migongo ya watu ambao wengi wao hawakuwa na gari wala hawakutarajia kulipata.

Jambo moja la kiufundi la zama hizo limebaki hadi leo, nalo ni kizuizi cha mvua. Mvua ikinyesha, lori lilizuiwa kupita kwa saa kadhaa mpaka uso wa barabara ukauke. Lori moja zito likipita kwenye udongo uliolowa huacha mifereji miwili, maji hukaa ndani ya mifereji hiyo, na lori la pili huichimba zaidi. Saa chache za kungoja ziliokoa wiki za kazi.

Kwa msomaji wa leo ni muhimu kukumbuka kwamba barabara ya udongo haina mstari mweupe. Ukingo wake ni mpaka kati ya ardhi iliyochongwa na nyasi, na mpaka huo huishi mradi mtu anafyeka. Kamina hupata mvua kuanzia karibu Oktoba hadi Aprili. Msimu mmoja bila kufyeka hutosha kuuficha ukingo, na miwili hutosha kuigeuza barabara kuwa mikondo miwili ya matairi yenye nyasi katikati.

Baada ya uhuru

Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960 ilirithi mtandao mrefu wa barabara, lakini sehemu yenye lami ilikuwa ndogo mno. Kujitenga kwa Katanga kati ya 1960 na 1963 kuliifanya Kamina kuwa mahali pa majeshi, na kambi yake ilitumiwa na Umoja wa Mataifa. Watu waliojua kutunza barabara walitawanyika, na fedha za kazi hiyo zikakatika.

Serikali ya Rais Mobutu iliunda Office des Routes, idara ya barabara ya taifa, mwaka 1971. Hadi leo barabara za maslahi ya taifa zinazohesabiwa chini yake ni takriban kilomita 58,000, katika nchi ambayo jumla ya barabara zake inatajwa kuwa takriban kilomita 152,000, nyingi zikiwa za vijijini. Reli ziliunganishwa chini ya shirika moja mwaka 1974. Katika miaka hiyohiyo salongo, kazi ya pamoja ya kila wiki, iliwatoa watu nje na majembe, na kwa wengi ilikumbusha siku za lazima za ukoloni.

Kwa upande wa sheria, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, iliingia katika mikataba ya Vienna ya mwaka 1968 kuhusu usafiri na alama za barabarani, na sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978 ikaweka kanuni mpya za barabara. Kwenye karatasi, alama za Kongo zikawa za familia moja na za Ubelgiji, Ufaransa na nchi nyingine nyingi: pembetatu yenye ukingo mwekundu ya kuonya, duara la kukataza, mstari usiokatika usiovukwa. Kwa kamera ya gari la leo jambo hilo ni la maana, kwa sababu kompyuta hufundishwa kwa picha za alama zilizosanifiwa. Lakini alama iliyo ndani ya sheria haionekani mpaka mtu aichimbie nguzo.

Uchumi ulipoporomoka katika miaka ya 1980 na 1990, na vita kuanzia 1996 hadi 2003 vilipoendelea kuigawa nchi, mitaro iliziba, makalavati yakabomoka na madaraja ya mbao yakaoza. Treni zikapungua. Ndipo baiskeli ilipookoa maisha ya watu. Kati ya mashamba ya Katanga na masoko ya Kasai wanaume walisukuma baiskeli zilizobebeshwa magunia ya mahindi na madumu ya mafuta, mwendo wa siku nyingi, kwenye vijia ambavyo gari lilishindwa kupita. Njia ya watu kufuatana mmoja nyuma ya mwingine, iliyoonwa na Cameron, ilirudi juu ya barabara ya wakoloni.

Msimbo wa alama za wasafiri nao ukaendelea kukua. Lori likiharibika, utingo hukata matawi na kuyapanga barabarani, nyuma na mbele, hatua kadhaa kutoka kwenye gari. Tawi bichi humaanisha hatari iliyo mbele sasa hivi, na kila dereva wa Kongo na wa Afrika ya Mashariki hulielewa. Fimbo iliyosimikwa ndani ya dimbwi humwonyesha dereva kina cha maji. Kijana anayefukia shimo kwa jembe na kunyoosha mkono apate chochote ni alama pia: hapo pabaya, punguza mwendo. Barabara ambayo dola iliacha kuiandika iliendelea kuandikwa na watu wanaoitumia.

Mashine inayosoma mstari

Wakati hayo yakitokea Kamina, kwingineko duniani usomaji wa barabara ulikuwa ukihamia kwenye mashine. Mwanzo wake ni rangi. Mstari wa katikati ya barabara ulianza kuchorwa huko Wayne County, Michigan, Marekani, mwaka 1911, kwa juhudi za Edward Hines. Baadaye ikagunduliwa kwamba punje ndogo za kioo zikinyunyizwa juu ya rangi mbichi, taa za gari zinapozimulika usiku humrudishia dereva mwanga wake mwenyewe, na mstari huwaka gizani. Mstari wa barabara ya kisasa, kwa hiyo, ni mstari wa shanga za kioo. Anayeujua lukasa hatashangaa kwamba shanga zinaweza kuwa njia.

Magari yalianza kwa misaada isiyohitaji kuona. Breki zinazozuia magurudumu kukwama, zijulikanazo kama ABS, ziliingia sokoni katika umbo lake la kisasa mwaka 1978 kwenye Mercedes-Benz. Udhibiti wa kuzuia gari kuteleza upande ulifuata mwaka 1995. Mifumo hii husikiliza magurudumu na mwelekeo wa gari, haiulizi kama barabara ina mstari.

Kizazi cha pili kilianza kutazama nje. Mwaka 1999 Mercedes-Benz ilitoa mfumo wa rada unaotunza umbali kutoka gari la mbele. Mwaka 2000 lori aina ya Actros lilipata kamera inayomwonya dereva anapouacha mstari. Subaru ilileta EyeSight yenye kamera mbili mwaka 2008 huko Japani, na Toyota ikaanza kueneza mifumo kama hiyo kwenye magari ya watu wa kawaida mwaka 2015. Umoja wa Ulaya ukailazimisha: tangu Julai 2024, kila gari dogo jipya linalosajiliwa huko lina breki za dharura zinazojikaza, msaada wa kubaki ndani ya mstari, na kifaa cha kumkumbusha dereva kikomo cha mwendo.

Kadiri mashine zilivyoenea, ilidhihirika kwamba tatizo liko pia chini ya magurudumu. Mwaka 2011 mashirika ya usalama ya EuroRAP na Euro NCAP yalizungumzia hadharani haja ya barabara ambazo magari yanaweza kuzisoma. Watengenezaji wa alama za barabara Ulaya walipendekeza kipimo rahisi: mstari wenye upana wa angalau milimita 150, wenye kurudisha mwanga wa kutosha usiku, pakiwa pakavu na mvua inaponyesha. Hata Ulaya, mstari uliochakaa, viraka vya lami vinavyofanana na mistari, na vibao vilivyofunikwa na matawi hufanya kamera ikosee au inyamaze.

Mashine hiyo inahitaji mambo manne. La kwanza ni tofauti ya rangi kati ya mstari na uso wa barabara. La pili ni alama za kawaida, zilizosimama mahali pake. La tatu ni uso usiolilazimisha gari kuyumba kila mara. La nne ni ramani inayolingana na barabara ilivyo leo. Likikosekana moja, msaada hupungua. Yakikosekana yote, dereva anabaki na akili yake.

Gari la Japani kwenye barabara ya Kamina

Misaada hiyo imefika Katanga bila kutangazwa, ndani ya magari yaliyotumika. Magari mengi ya Japani huingia kupitia Dar es Salaam na Zambia, yakivuka mpaka wa Kasumbalesa. Kwenye mpaka huo kuna jambo ambalo mashine haikufundishwa: Tanzania na Zambia huendesha upande wa kushoto, Kongo upande wa kulia. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Japani lina usukani kulia, na taa zake za chini huinua mwanga upande wa kushoto ili kumulika ukingo. Likiendeshwa upande wa kulia wa barabara, mwanga huohuo hulenga macho ya anayekuja. Dereva aliyeketi upande wa ukingo hawezi kuona mbele ya lori analotaka kulipita mpaka atoe karibu gari zima nje. Hapo msaada wa kwanza ni abiria wa kushoto anayetazama na kusema.

Ndani ya gari kuna sauti ya kike inayozungumza Kijapani kila ufunguo unapozungushwa, ikidai kadi ya kulipia barabara kuu za Japani, na ramani iliyojaa mitaa ya Osaka au Nagoya. Ni maarifa kamili ya barabara nyingine. Mtu hufika haraka zaidi kwa simu yenye ramani huria, ambayo watu wa kujitolea wamechora vijiji na njia juu yake kwa kutazama picha za setilaiti, ingawa setilaiti haioni kama daraja la mbao lilibeba lori jana.

Kwenye njia za udongo kati ya Kamina na vijiji kama Sanga, kamera ya mstari haipati mstari. Mifumo mingi ya aina hiyo huamka gari likifikia mwendo wa karibu kilomita 60 kwa saa, mwendo ambao barabara yenye mashimo hairuhusu. Kiangazi huleta vumbi jekundu na moshi wa nyasi zinazochomwa, masika huleta tope linaloifunika rada kwenye bampa. Nyasi ndefu zinazoinamia barabarani huweza kuonekana kama kizuizi. Tawi bichi la kuonya, ambalo kila utingo hulielewa, kwa kompyuta ni tawi tu. Hata ABS, iliyookoa wengi kwenye lami iliyolowa, huweza kurefusha umbali wa kusimama kwenye changarawe, kwa sababu gurudumu lililokwama hujikusanyia changarawe mbele yake na kupata kizuizi, ilhali linaloachiwa lizunguke halipati.

Tatizo jingine liko gereji. Kamera hukaa kwenye kioo cha mbele, na kioo kikipasuka kwa jiwe na kubadilishwa, kamera inapaswa kupimwa upya kwa vifaa maalumu. Bila kipimo hicho inaweza kutazama sentimita chache kando na kutoa onyo la uongo. Fundi anayezima mfumo mzima baada ya kuweka kioo hafanyi uzembe. Anamwondolea dereva mshauri asiyeaminika.

Hata hivyo si misaada yote iliyo bure huko. Udhibiti wa kuteleza hufanya kazi kwenye udongo. Kamera ya nyuma huokoa watoto wanaocheza uani. Breki za dharura zinazotegemea rada huweza kuliona lori lililosimama gizani bila taa, ajali ambayo huua watu wengi kwenye barabara za Afrika, mradi bampa imefutwa. Misaada inayosikiliza gari hustahimili barabara mbovu kuliko inayosoma barabara.

Kuandika upya

Haut-Lomami ikawa mkoa kamili mwaka 2015, na Kamina ikawa makao makuu yake. Matumaini makubwa ya usafiri wa nchi kavu yamewekwa kwenye barabara ya taifa namba 1, inayotoka pwani ya Atlantiki kupitia Kinshasa na Kasai hadi mpaka wa Zambia. Kipande chake kati ya Mbuji-Mayi na Nguba, kinachopita Haut-Lomami, kimo miongoni mwa kazi zilizopangwa kugharamiwa na mkataba wa madini wa Sicomines, uliorekebishwa Machi 2024. Mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, unapaswa kuitunza kwa ushuru wa mafuta na wa njia. Vijijini, kamati za wenyeji za utunzaji wa barabara huajiri watu kufyeka na kuzibua mitaro kwa jembe na panga, safari hii kwa malipo.

Historia ya Kamina inaonyesha mpangilio wa kazi hiyo. Mtaro huja kwanza, kwa sababu maji ndiyo yafutayo kila maandishi. Ukingo thabiti hufuata, kisha uso, kisha vibao, na mwisho mstari mweupe wenye punje za kioo. Barabara ikipata lami bila mtaro, mstari wake utaondoka pamoja na lami katika masika chache. Ikipata mstari bila anayeupaka upya, kamera itakuwa kipofu baada ya miaka michache, kama nyayo zilivyofunikwa na nyasi.

Utaratibu huo hauwafaidi wenye magari mapya peke yao. Mstari unaosomwa na kamera ndio unaomwongoza dereva wa lori usiku wa mvua. Kibao kinachotambuliwa na kompyuta ndicho kinachomwonya mwendesha pikipiki asiyeijua kona. Ukingo uliofyekwa humpa mwanafunzi na msukuma baiskeli mahali pa kupita. Barabara inayosomeka na mashine ni barabara inayosomeka na watu, na katika kila zama ilisomeka pale tu palipokuwa na mikono ya kuitunza. Mikono hiyo ilitozwa kwa amri mwaka 1933 na kwa salongo katika miaka ya 1970. Katika kamati za leo, kwa kijiji kilicho kilomita chache kutoka Kamina, kufyeka ukingo kumekuwa kazi yenye mshahara, na panga linalofanya kazi hiyo ndilo chombo cha kwanza cha kumsaidia dereva.